Mtoto akiokoteshwa taka kama adhabu, atapenda mazingira lini?

Mkazi wa Kimanga (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna jambo limenikaa moyoni muda mrefu, naomba tulijadili kwa utulivu. Nawalenga hasa walimu, na wazazi wenye watoto wa shule za msingi.

Pita kwenye shule zetu nyingi asubuhi, kengele ya mstarini ikishalia. Waliochelewa wamewekwa pembeni. Waliopiga kelele darasani jana nao wapo, majina yao yameletwa na kiranja. Kazi wanayopewa ni kuokota makaratasi uwanjani, kufagia chini ya miembe na kumwaga ndoo ya taka kwenye shimo nyuma ya vyoo. Wenzao wasio na kosa wanaingia darasani. Saa nne mwalimu yuleyule anaandika ubaoni "Umuhimu wa kutunza mazingira", na watoto wanakariri: kwanza kuzuia magonjwa, pili kupendezesha mandhari, tatu kuvuta mvua.

Siku hiyo mtoto amefundishwa masomo mawili, na la asubuhi ndilo litakalobaki. Ameelewa kwamba taka ni za mkosaji, na kwamba mtu mwema hazishiki. Akikua akanunua maji kwenye daladala, chupa itapitia dirishani bila dhamiri kumsuta, maana anaamini kuna mtu wa chini yake aliyeumbwa kwa ajili ya kuiokota. Mabango tumechora, nyimbo tumeimba, tarehe 5 Juni kila mwaka, Siku ya Mazingira Duniani, tunaandamana na fulana. Lakini ufagio bado tunampa mtoto kwa hasira, tena mbele za watu.

Mtaani kwetu wazazi wachache tumeanza kukaa na watoto Jumamosi chini ya mti wa mkungu. Si shirika wala hatuna mfadhili. Naeleza tunachofanya ili na nyie mtoe yenu.

Tulianza na swali: chupa hii ukiitupa hapa, kesho itakuwa wapi? Wengi walisema jalalani. Basi tukaifuata. Mtaro wa mtaa wetu unashuka mpaka bonde la Mto Msimbazi. Mto wenyewe unatoka milima ya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, unaingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Watoto wa hapa wanayajua majina hayo yote kwa sababu makonda wanayaita kila siku, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba taka zao nazo zinasafiri njia hiyo. Tukawasimulia mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40 hapa Dar na kufanya familia za bondeni zihamishiwe Mabwepande. Maji yaliletwa na mvua, hilo halina ubishi. Ila mtaro ukijaa mifuko na chupa, maji yanakosa pa kupita, yanaingia ndani kwa watu. Mtoto wa miaka minane analielewa hilo bila kuchorewa chochote.

Somo wanalolipenda zaidi ni la ndoo. Mtu mzima anakata chupa ya maji vipande vidogo kwa mkasi, anakata na kizibo chake, vyote vinatiwa kwenye ndoo ya maji na kukorogwa vizuri mpaka hewa itoke. Vipande vya chupa vinazama, vya kizibo vinaelea. Kelele zinazopigwa hapo, jirani anatoka nje kuuliza kuna nini! Kumbe plastiki ziko za aina nyingi. Chupa yenyewe ni ile aina iitwayo PET, ina namba 1 ndani ya pembetatu ya mishale pale kwenye kitako, na ni nzito kuliko maji. Kizibo mara nyingi ni namba 2 au 5, na hizo ni nyepesi kuliko maji. Viwandani nako hutumia matanki ya maji kuzitenga hivyohivyo. Toka siku hiyo watoto wanapindua kila kopo kutafuta namba. Wanasoma taka kama wengine wanavyosoma vibao vya magari.

La tatu ni kuzika. Tunafukia ganda la ndizi, ukurasa wa daftari, kitambaa cha pamba na pakiti ya biskuti, kila kimoja na kijiti chake. Muhula ukiisha tunafukua. Ganda halionekani tena, limeshakuwa udongo. Karatasi imebaki vinyuzi. Pakiti ya biskuti ukiifuta vumbi, tarehe ya mwisho wa matumizi bado inasomeka. Hapo ndipo tunapowaambia kwamba zaidi ya nusu ya taka za majumbani kwetu ni hizi zinazooza. Zikitengwa tu na kufanywa mboji, mzigo wa kupeleka dampo la Pugu Kinyamwezi unapungua kuliko tungekusanya chupa zote za mtaa.

Sasa naomba kujua: kuna aliyewahi kukaa na walimu wa shule ya mtoto wake wakakubali kuacha adhabu ya taka? Mlianzia wapi?

---

Mwalimu wa Darasa la Nne

Mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho na uchungu wako nimeuona. Naomba na mimi uusikie wa kwangu.

Nina watoto zaidi ya 100 kwenye chumba kimoja. Shule haina mfanyakazi wa usafi, watoto wasipofagia hakuna atakayefagia. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, tena avitoe mkuu wa shule au aliyemteua, na vyote viandikwe. Mimi sipendi kumpiga mtoto. Anapochelewa mara kwa mara, ufagio ndiyo adhabu nyepesi kuliko zote ninazozijua: haumuumizi, na uwanja unakuwa safi. Ukiniondolea na huo, unataka nishike nini?

Pili, usiseme hatufundishi. Tunafundisha kwa kitabu tulichopewa. Kitabu kinaonesha mapipa matatu ya rangi tatu. Shuleni kwetu hakuna hata pipa moja. Nimewachorea ubaoni kwa chaki za rangi, mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, haya yako wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

---

Mkazi wa Kimanga

Mwalimu, nashukuru sana kwa kujibu. Simlaumu mwalimu aliyebeba watoto 100 peke yake, na wala sisemi watoto wasifagie. Wafagie! Mimi mwenyewe nimekwenda shule na fagio la chelewa mkononi na sioni lilichonipunguzia. Ninachokataa ni kumpa mkosaji peke yake. Japani wanafunzi wanafagia na kupiga deki madarasa yao kila siku kama sehemu ya ratiba, na walimu wanashika matambara pamoja nao. Mwaka 2018 kwenye Kombe la Dunia kule Urusi, dunia nzima iliwaona mashabiki wao wakiokota taka jukwaani baada ya mechi. Walizoea toka utotoni kwamba hiyo ni kazi ya kila mtu.

Na hapa kwetu tusisahau: tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za mwaka huo, akasema tufanye usafi, akatoka yeye mwenyewe kuokota taka kule Feri. Watoto walimuona Rais ameinama. Hilo lilikuwa somo la mazingira kuliko sura nzima ya kitabu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilipangwa kwa ajili hiyo pia. Majirani zetu Rwanda wana umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, siku hiyohiyo, na anafagia waziri na mwananchi.

Mapipa ya rangi naomba tuachane nayo. Viroba viwili vya unga vinatosha, kimoja cha vinavyooza, kingine cha visivyooza. Adhabu ya kuchelewa iwe kurudisha muda uliopotea: abaki mchana amalizie kazi ya darasa.

---

Mpima Kilo

Mimi biashara yangu ni kununua chupa, makopo na chuma chakavu. Wazee, nafurahi kuona mada hii maana sisi huku ndio tunaojua kila mnachotupa.

Niseme ukweli watoto waambiwe mapema: si kila kitu chenye ile pembetatu kina mnunuzi. Chupa za maji na soda zina soko. Zile zisizo na rangi zinapendwa zaidi kwa sababu zinaweza kutiwa rangi yoyote huko mbele, za kijani na za kahawia bei yake iko chini. Madumu, ndoo zilizopasuka, mabeseni na vizibo vina soko pia, vinasagwa chenga na kurudi kuwa beseni au kiti. Kopo la alumini ni dhahabu yetu, maana kuyeyusha la zamani kunatumia kama asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye mawe yake. Viwanda vinalitafuta wenyewe.

Pakiti za biskuti, za krispi, zile ndogo za sabuni na shampuu, hakuna wa kununua. Zimeunganishwa tabaka za vitu tofauti, kuzibandua ni kazi kubwa kuliko thamani yake. Boksi za juisi ni hivyohivyo: karatasi, plastiki na alumini vimegandishwa pamoja. Mtoto akiambiwa "usijali, itarejelezwa", amedanganywa. Aambiwe hiyo dawa yake ni kutoinunua mara nyingi.

Halafu hesabu. Chupa za nusu lita zinahitajika kati ya 50 na 100 kutimiza kilo, inategemea uzito wa chupa. Walimu leteni watoto na daftari, nitawapa mizani wapime wenyewe, wagawanye, wazidishe. Ila kwa mpangilio na pamoja na mwalimu. Mtoto akija na kiroba saa tatu asubuhi siku ya shule mimi simpimii. Nikimpimia leo, kesho haendi shule. Wenzangu wanaopokea najua wapo, na hiyo inaniuma kwa sababu wengine walianza hivyo wakiwa darasa la tatu, leo wako jalalani mpaka sasa.

---

Mama Watatu

Hamjambo wadau. Niko Likoni, Mombasa. Kwetu kwenye CBC, mtaala wa umilisi wa Kenya, somo la mazingira lipo toka madarasa ya chini na nia yake ni nzuri, mtoto afanye kwa mikono. Lakini tazama linavyotufikia wazazi. Ujumbe unaingia saa mbili usiku: kesho kila mtoto alete chupa tatu tupu na vizibo vyake, ya kutengenezea gari. Nyumbani hatuna, sisi maji tunachemsha. Basi mzazi anakwenda dukani usiku ananunua soda tatu, watoto wanazinywa harakaharaka ili chupa ipatikane. Gari likishapewa alama, linakaa wiki moja juu ya kabati, kisha linatupwa. Hapo tumefundisha kurejeleza au tumeongeza taka?

Ningependa mwalimu aseme tu: leteni mlichokuwa mkitupa. Aje mwenye kifuu, aje mwenye kasha la viatu, mwenye ndala iliyokatika naye aje nayo. Walio na vichache ndio watakuwa na la kufundisha wenzao.

---

Bi Ukili

Assalaam alaykum. Nawasalimu kutoka Unguja.

Mwanangu Mama Watatu umesema kitu cha maana sana. Mtoto wa nyumba isiyo na taka nyingi ndiye anayestahiki sifa, na skuli zetu hazina alama za kumpa.

Mimi wajukuu zangu nawafundisha kwa nazi. Nawaweka barazani, nawauliza: kwenye nazi moja tutupe nini? Tunaanza juu. Makuti tunaezekea na kusukia mapakacha. Uti wa ukuti ndiyo chelewa, ufagio. Makumbi zamani wanawake wa pwani waliyafukia mchangani maji yanapofika, yakakaa miezi, kisha wakayapiga kwa magongo mpaka yakatoa usumba wa kusokotea kamba. Asiyesokota aliyakausha akawashia moto. Kifuu tukitia mpini kikawa upawa wa kupakulia, au kata ya kuchotea maji mtungini. Tui limekwenda kwenye mchuzi, machicha wanakula kuku. Mjukuu wangu mdogo akaniambia, "Bibi, kumbe hamna cha kutupa!" Basi nikampa pakiti ya krispi aliyokuwa nayo mkononi nikamwambia, haya, na hii nifanyie kama tulivyofanya nazi. Alikaa nayo mpaka magharibi anafikiri.

Zamani mtoto akitumwa dukani alipewa kikapu cha ukili na chupa ya mafuta. Mafuta yalipimwa, chupa ikarudi. Samaki alitungwa kwa ukambaa wa mgomba, mtoto akatembea naye mkononi. Soda ulikuwa hupewi mpaka upeleke chupa tupu, au uweke pesa ya chupa. Watoto wa leo wanaambiwa kutumia tena ni jambo jipya limekuja na wageni wa mradi. Si kweli. Liko kwenye nyumba za bibi zao, waende wakaulize.

Na wakienda pwani waelezwe habari za kasa. Mfuko ukielea majini unafanana na yavuyavu, na yavuyavu ni chakula cha baadhi ya kasa. Akiumeza unamziba matumbo. Wajukuu zangu wakiona mfuko ufukweni wanaukimbilia wenyewe, sijawatuma.

---

Mlamu

Bi Ukili, shikamoo. Maneno yako yamenipa hamu ya kuongeza la kwetu Lamu.

Wenye watoto wawaoneshe picha za FlipFlopi. Ni dau lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, tani 10 hivi, na ubavuni limebandikwa vipande vya ndala zipatazo 30,000 zilizokusanywa fukweni na mitaani, ndiyo maana lina rangi zote. Fundi mkuu wake ni Ali Skanda, mjenzi wa majahazi wa hapahapa. Lilishushwa majini 2018, na mwanzoni mwa 2019 likatweka kutoka Lamu mpaka Zanzibar, kiasi cha kilomita 500, likisimama bandari za njiani ili watu na watoto wa shule walione. Mwaka 2021 likaonekana Ziwa Viktoria.

Kinachonifurahisha si plastiki. Ni kwamba mafundi hawakuacha ufundi wao. Mkuku, uti wa chini wa chombo, ni mkuku; mataruma, mbavu zake, ni mataruma, yamechongwa kwa tezo na kupigwa misumari kama mbao. Mtoto wa Lamu anayeliona anaelewa kwamba elimu ya babu yake ina kazi katika tatizo la leo. Mfundisheni mtoto mazingira kupitia fundi aliye karibu naye. Dar mna mafundi bati wa Gerezani, wanatengeneza majiko na masanduku kwa mabati ya zamani. Nairobi wako wa Gikomba. Wapelekeni watoto wakaone jiko linavyozaliwa kutoka kwenye pipa la mafuta.

---

Sheria Mkononi

Wakuu, mnasema vizuri ila naona mzigo wote tunawatwisha watoto. Nani anatengeneza hizi pakiti zisizo na mnunuzi ambazo Mpima Kilo amezitaja? Si mtoto wa darasa la pili.

Tanzania Bara tulipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019. Kenya walishatangulia tarehe 28 Agosti 2017, na Rwanda mwaka 2008. Kanuni zetu zinasema anayekutwa nao faini ni kuanzia shilingi 30,000 mpaka 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Na kweli mifuko ya rambo ilipotea barabarani, wote tulishuhudia. Leo nenda gengeni: nyanya zinawekwa kwenye kile kifungashio cheupe chembamba kisicho na mikono, ambacho kiliruhusiwa kwa kufungashia bidhaa tu na si kubebea. Mtoto amefundishwa darasani kuwa mfuko ni kosa, jioni anatumwa nyanya anarudi nao. Atamwamini nani?

Kenya wana sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya 2022, inayomtaka mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutupwa, na inataka taka zitengwe. Huko ndiko pa kusukuma. Watu wazima tuwabane wenye viwanda, watoto tuwaache wacheze.

---

Mkazi wa Kimanga

Sheria Mkononi, nakubaliana na wewe kuhusu viwanda kwa asilimia zote. Hapo pa "tuwaache wacheze" ndipo tunapoachana. Mtoto aliyekwisha kujua kwamba pakiti ile haiozi wala hainunuliwi, swali linalofuata analiuliza mwenyewe: mbona wanaitengeneza? Wetu wa darasa la sita waliliuliza. Tukawaambia waandike barua kwenye anwani iliyopo kwenye pakiti, kwa Kiswahili chao, waeleze walichokikuta walipofukua. Jibu halijaja na huenda lisije. Lakini wameshajua kwamba pakiti ina mwenyewe na ana anwani. Hao ndio watakaobana viwanda.

Kuhusu nyanya za gengeni, mtoto apewe kikapu kabla hajatoka mlangoni. Hilo liko mikononi mwa mzazi, halisubiri bunge.

---

Muuguzi wa Zahanati

Nachangia upande wa afya, maana naona wengi wanawapa watoto kazi ya taka bila tahadhari.

La kwanza, kiberiti. Nawaomba walimu na wazazi, msimtume mtoto kuchoma taka. Plastiki inapoungua kwenye moto wa shimoni, moshi wake una sumu. Mabaki ya mabomba na viatu vya plastiki aina ya PVC yanatoa gesi ya asidi na kemikali ziitwazo dioksini, ambazo zinakaa mwilini muda mrefu sana. Mtoto anasimama karibu na moto kuliko mtu mzima, kimo chake ni kifupi na mapafu yake bado yanakua. Wengi wanatuletea watoto wanaobanwa kifua na hawahusishi kabisa na shimo la nyuma ya nyumba.

La pili, wafundishwe vitu vya kutogusa kabla ya kufundishwa vya kuokota. Sindano, chupa za dawa, viwembe, vioo vilivyovunjika, pedi, pampasi, betri, makopo ya dawa za wadudu. Mtoto akiona kimojawapo aite mkubwa. Baada ya kazi kila mtu ananawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, mwalimu akiwa wa kwanza.

La tatu, waelezwe homa ya dengi. Dar tulikuwa na milipuko 2014 na 2019. Mbu wake anauma mchana, na anataga kwenye maji yaliyotuama ndani ya kopo, tairi, kifuu, hata kizibo kikubwa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka inaweza kuchukua wiki moja tu au zaidi kidogo. Mpe mtoto kazi ya kuzunguka nyumba kila Jumamosi na kupindua kila kitu chenye maji. Ni kazi ndogo, inafanyika kwa dakika chache, na inaokoa watu. Mtoto akijua ameilinda nyumba yake, usafi hauoni tena kuwa adhabu.

---

Mama Watatu

Muuguzi asante, hiyo ya kupindua makopo naianza kesho.

Nina neno dogo kuhusu miti, kwa sababu shule nyingi zikisikia mazingira zinakimbilia kupanda miti. Wangari Maathai alipoanza harakati zake, tarehe 5 Juni 1977, walipanda miti 7 pale Kamukunji, Nairobi, na mingi ilikufa. Hakuishia pale. Kilichokuja kuwa kazi kubwa ni vikundi vya akina mama vilivyotunza vitalu, na malipo yao madogo yalitolewa kwa mche ulioshika, si uliopandwa. Mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Shule zetu zinapiga picha siku ya kupanda, likizo ikifika hakuna wa kumwagilia. Mwanangu wa pili amepanda mti mahali palepale miaka miwili mfululizo, shimo lilelile. Kama wanahesabu, wahesabu iliyo hai.

---

Mwalimu wa Darasa la Nne

Nimerudi. Nimesoma michango yote, na mingine nimewasomea wenzangu ofisini.

Tumeongea na mwalimu mkuu. Kuanzia muhula ujao maeneo ya usafi yatagawanywa kwa madarasa kwa zamu, kila mtoto wa darasa hilo ashiriki, na mwalimu wa zamu awe na ufagio wake. Waliochelewa watabaki mchana. Kiberiti kimepigwa marufuku, shimo la kuchomea tutalifukia. Mwalimu mkuu alisita kwenye jambo moja, hela ya chupa zitakazouzwa. Anaogopa maneno ya wazazi, na ana haki ya kuogopa. Tumekubaliana kiasi kinachopatikana kiandikwe ubaoni mbele ya watoto siku hiyohiyo, na wao ndio waamue kinanunua nini. Kama ni mpira, ni mpira.

Ya mboji naona itakuwa ngumu kwanza kwa sababu ya harufu. Darasa langu liko karibu.

Mpima Kilo, swali langu kwako: watoto waziandaeje chupa? Wazioshe? Lebo zitolewe? Nisije nikakuletea mzigo ukaukataa mbele yao.

---

Bi Ukili

Mwalimu, Mungu akuzidishie. Harufu ya mboji isikutie hofu. Inanuka ikiwa imejaa maganda mabichi matupu na maji mengi. Kila mkitia maganda, tieni juu yake majani makavu mara mbili ya maganda, na mgeuze kila baada ya wiki ili hewa ipite. Nyama, samaki na mafuta msitie kabisa, vitaita panya. Ikienda vizuri ndani inapata joto. Mtoto akichomeka kijiti katikati na kukichomoa, atakikuta kimoto. Baada ya miezi miwili mitatu inakuwa nyeusi na inanukia udongo wa mvua. Hapo panda mchicha.

---

Mpima Kilo

Mwalimu, maji safi msipoteze kuziosha. Wamwage kilichobaki ndani, wafungue kizibo, waikanyage chupa iwe bapa, vizibo waweke kwenye kiroba chake. Lebo waache, zitatoka kwenye maji huko kiwandani. Chupa zilizowekwa mafuta ya taa au mafuta machafu ya gari zisichanganywe, moja tu inaharibu kiroba kizima. Na zile zenye mkojo, ambazo madereva wanatupa barabarani, watoto wasizifungue.

Njooni siku yoyote ya katikati ya wiki baada ya saa nane, mizani itakuwa wazi. Leteni kikokotoo, mimi nitatumia kichwa tuone nani anapata jibu mapema.